Nyota nne kwa broka wa bima aliyenikataza kuandika "Hapana"

Naanza na kasoro, maana ndizo mtu anazokutana nazo kwanza. Ofisi iko juu, ngazi nyembamba na zina giza, feni ni moja na imeelekezwa kwa wafanyakazi. Wakikwambia "tutakupigia kesho", wewe hesabu siku tatu. Mimi nilisubiri siku tisa kupata bei, na gari nililipeleka kupigwa picha mara mbili kwa sababu mara ya kwanza hakuna aliyekumbuka kupiga picha ya namba ya chesesi. Nyota moja nimeikata hapo. Jina la ofisi silitaji, kwani humu mna aibu zangu nyingi kuliko sifa zao.

Nilitaka kukopa benki ninunue Noah. Benki haikukopeshi gari bila bima kubwa, na bima kubwa ndiyo iliyokuwa imenishinda. Kampuni moja ilinikataa kwa barua, nyingine iliacha tu kupokea simu zangu. Tangu bima kubwa ya IST yangu ifutwe, miaka yote hiyo nilikuwa naitembelea kwa bima ndogo, ile inayolipa hasara za wengine tu, ya 118,000 pamoja na VAT, ambayo ukishalipa hakuna anayekuchimba. Nikajidanganya kwamba yale mambo yameisha.

Mambo yenyewe ni haya. Mwaka 2019 shemeji yangu, mdogo wake Baba Neema, aliazima IST akaenda kuipigiza kwenye kingo za mtaro Sinza. Taa, bampa, boneti na rejeta vyote kwisha. Leseni yake ilikuwa imeisha zaidi ya mwaka. Jioni ile tulikaa sebuleni watu watatu, chai ikapoa, tukakubaliana kwamba aliyekuwa anaendesha ni mimi. Asubuhi nikaenda polisi nikasema hivyo hivyo, gari likakaguliwa, nikapewa PF 90 yangu, ile ripoti ya polisi ya ajali, nikajaza fomu ya madai kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni. Penye saa ya ajali nikaandika saa nane mchana. Hapo nilisema kweli, na hapo ndipo niliponaswa.

Mkaguzi wa hasara wa kampuni ya bima alitukuta gereji. Mzee mpole, kavaa barakashia, kalamu iko sikioni. Bampa hakuligusa. Alifungua mlango wa dereva, akatazama kiti, akanitazama mimi. Kiti kilikuwa kimesukumwa nyuma mpaka mwisho wa reli. Shemeji ni mlingoti. Mimi nikikaa pale pedeli naziona kwa mbali. "Mwalimu, hebu kaa kidogo nikuone," akasema. Nikakaa. Hakuandika chochote, akanishukuru, akaondoka. Wiki iliyofuata alifika shuleni kwetu, akaomba daftari la mahudhurio. Saa nane siku ile nilikuwa Darasa la Sita nafundisha hesabu za sehemu, na sahihi yangu ya kutoka inasema saa tisa na nusu.

Madai ya shilingi milioni 3 na laki 4 yakakataliwa, bima ikafutwa, barua ikaja. Mahakamani sikufikishwa, namshukuru Mungu. Gari nilitengeneza kwa pesa zangu za mchezo, na shemeji mpaka leo hajatoa hata mia.

Barua niliificha chini ya vitenge, lakini daftari la mahudhurio lilikuwa limeombwa mbele ya mwalimu mkuu. Nilikuwa mweka hazina wa kikundi chetu cha kufa na kuzikana pale shuleni. Mwezi wa kwanza uliofuata, kikao kikasema ni vizuri nafasi zizunguke. Nafasi iliyozunguka ilikuwa yangu tu. Mwenyekiti na katibu wapo mpaka leo. Hakuna aliyeniambia neno, wananisalimia vizuri kabisa, na pesa za rambirambi hazijapita tena mkononi mwangu.

Sasa turudi kwa broka. Kabla yake nilimwendea wakala mmoja anayekaa na meza yake chini ya mwavuli. Kwenye fomu kuna swali linalouliza kama kuna kampuni iliyowahi kukukataa, kufuta bima yako au kukuwekea masharti maalumu. Wakala alisema, "Weka Hapana, Mama, nani atajua?" Nilifika kwa broka na fomu ile ile, "Hapana" imeshaandikwa.

Dada aliyenihudumia ni binti mdogo, angeweza kuwa mwanafunzi wangu. Aliniuliza mara moja tu kama lile jibu ni la kweli. Nilipokaa kimya akachana fomu, akatoa nyingine. Akanieleza kwamba kwa "Hapana" ningepewa bima, ningelipa na stika ningeiona. Siku Noah ikiungua ndipo wangefungua faili langu, wakakuta la 2019, wakakataa. Gari limekwenda, bima haipo, na rejesho la benki liko palepale tarehe ile ile.

Akataka ile barua ya kufutwa bima yenyewe, si maelezo yangu. Akaniambia niandike aya moja ya kilichotokea. Niliandika kwamba "kwa bahati mbaya" taarifa za dereva hazikuwa sahihi. Akayapigia mstari yale maneno matatu. "Mwalimu, hii haikuwa bahati mbaya." Nimesahihisha madaftari miaka kumi na nane, sijawahi kusahihishwa vile.

Maombi yalikwenda kampuni nne. Mbili zilikataa, moja haikujibu, moja ikakubali: asilimia 4.5 ya thamani ya gari wakati wenzangu wanapewa 3.5, ziada (kile kiasi ninachobeba mwenyewe kwenye kila dai) mara mbili, na dereva anayeruhusiwa ni mimi peke yangu. Kwa gari la milioni 22 ni 990,000, weka VAT inakuwa 1,168,200. Kwa 3.5 ningelipa 908,600. Ile tofauti ya karibu laki mbili na sitini nimeibandika kwenye mlango wa friji, Baba Neema aione akichukua maji. Broka sikumlipa kitu, kamisheni yake inatoka kwa kampuni, na hilo walinieleza bila kuuliza. Stika niliihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, kwa namba ya gari kabla sijashuka zile ngazi zao.

Ukiwa na faili safi na haraka zako, nenda kwingine, hapa utachoka. Ukiwa na faili kama langu, nenda na barua zako zote na maji ya kunywa.

Shemeji alipiga wiki iliyopita, anaomba Noah ya kubebea watu wa sendofu. Nikamwambia jina lake halimo kwenye bima. Akacheka, akadhani natania.