Kifaa cha sauti kwa mpiga video wa harusi na mikutano: kipi kinunuliwe kwanza

Video nyingi za harusi, send-off na mikutano ya injili zinazopigwa huku kwetu, kuanzia Tunduma hadi Iringa mjini, siku hizi hazina shida ya picha. Sauti ndiyo inayoangusha kazi. MC anasikika kama yuko ndani ya pipa, kwaya ikipandisha maiki inapasuka, na wazazi wakitoa nasaha unaambulia neno moja kati ya matatu. Wengi wakiona hivyo wanaanza kutafuta hela ya kamera mpya. Nakuomba usifanye hivyo kwanza.

Kamera ikiachwa ijipangie, inapandisha sauti ukumbi ukitulia na kuishusha kelele zikianza. Shangazi mmoja akipiga kigelegele hatua mbili kutoka ulipo, wakati bwana harusi anaapa, kamera inashusha kila kitu na kiapo kinazama. Kelele ikizidi uwezo wa kifaa, kilele cha sauti kinakatwa, na programu za kuhariri haziwezi kukirudisha kama kilivyokuwa. Halafu kuna umbali: ukienda mbali mara mbili unapoteza takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) za sauti unayoitaka, huku mwangwi wa ukumbi ukibaki palepale. Kwa hiyo nimepanga vifaa kwa kuangalia kipi kinaweza kukaa karibu na chanzo cha sauti na kuvumilia kelele. Bei nimeiweka nyuma.

Namba moja: kinasa sauti cha mkononi chenye tundu la kuingizia waya

Hiki ndicho ningemwambia kijana anayeanza kazi Mbeya au Makambako anunue kabla ya kitu kingine chochote. Zoom H1n, Zoom H1essential na Tascam DR-05X zote ni ndogo, zinatumia betri za kawaida za dukani, na maiki zake zinahimili kelele za desibeli 120 au zaidi kidogo. Ila faida kubwa iko kwenye lile tundu la pembeni.

Ukumbi wenye mitambo ya maana una mixa, yaani meza ya kuchanganyia sauti za maiki zote. Nyuma au juu ya mixa tafuta tundu mbili, mara nyingi nyekundu na nyeupe, zilizoandikwa REC OUT au TAPE OUT. Waya wa RCA (aina ya vichwa vinavyoingia kwenye tundu hizo) kwenda jeki ndogo ya stereo, ambao haugharimu sana, unatoa sauti hapo na kuipeleka kwenye kinasa. Sasa unamrekodi MC kutoka kwenye maiki yake mwenyewe, bila mwangwi wala vigelegele. Mwombe fundi mitambo apige muziki kwa nguvu ile atakayoitumia usiku, kisha weka kiwango kwa mkono ili vilele vifike karibu na desibeli -12 kwenye skrini ya kinasa. Acha nafasi hiyo iliyobaki, maana watu wakichangamka fundi ataongeza tu. Usichomeke sauti ya mixa moja kwa moja kwenye tundu la maiki la kamera bila waya wa kupunguza nguvu; itapasuka hata ukishusha kiwango. Na kinasa kiendeshwe kwa betri, si chaja, kwa sababu umeme wa jenereta mara nyingi huleta mngurumo.

H1essential inarekodi kwa biti 32 za float, mfumo unaobeba sauti ndogo na kubwa bila kuikata, hivyo huhitaji kupanga kiwango. Hilo ni jambo kubwa kwa anayefanya kazi peke yake. Lakini kama sauti imeshapasuka ndani ya mixa, itafika kwako ikiwa imepasuka.

Mixa ina upungufu wake: inatoa kile tu kilichopitia maiki. Ngoma na shangwe hazimo, kwa hiyo sauti ya kamera usiizime. Utaichanganya kidogo chini wakati wa kuhariri. Piga kofi moja mbele ya kamera mwanzoni ili upate pa kulinganisha sauti ya kamera na ya kinasa. Kazi ikiwa ndefu, kamera na kinasa hupishana taratibu, basi kagua tena kila sehemu.

Kwenye ngoma za nje hakuna mixa. Weka kinasa kwenye stendi mita mbili tatu mbele ya wapigaji, na kivishe kifuniko cha manyoya cha kuzuia upepo. Sponji pekee haitoshi kwa upepo wa Makambako.

Namba mbili: maiki isiyo na waya inayojirekodi yenyewe

Neno la msingi hapo ni *inayojirekodi*. Maiki nyingi za aina hii hutumia masafa ya 2.4 GHz, yaleyale ya Wi-Fi, na umati wa watu ukikaa katikati mawimbi yanakatika. Rode Wireless GO II, Rode Wireless PRO na DJI Mic zinahifadhi nakala ndani ya kile kipande cha kifuani, hivyo mawimbi yakikatika kazi haijapotea. Tascam DR-10L haina mawimbi kabisa: unaibana kwenye nguo ya bwana harusi, unaiwasha, unaiacha. Inaweza pia kurekodi nakala ya pili yenye kiwango cha chini kwa usalama. Kwa viapo na nasaha, hapa ndipo penye sauti tamu kuliko zote. Nimeziweka za pili kwa sababu hazikusaidii kwaya inapoimba.

Namba tatu: maiki ya waya ya kubana kwenye nguo

Mfuko ukiwa mdogo, Boya BY-M1 inatosha kuanzia. Waya wake una urefu wa mita 6, na unaweza kuuchomeka kwenye simu iliyo mfukoni mwa koti la bwana harusi. Inasikia pande zote, kwa hiyo asisimame mbele ya spika.

Namba nne: maiki ya juu ya kamera

Wengi huanza na hii, nami naiweka mwisho. Ipo palepale ilipo kamera, na ukumbini mwangwi unaingia kutoka kila upande. Ukiichukua, chagua yenye swichi ya kupunguza sauti, mfano Rode VideoMic Pro yenye desibeli -10. Kabla ya kulipa, kagua kamera yako: Canon 1300D, 2000D na 4000D hazina tundu la maiki kabisa.

Maiki za bei chee zisizo na waya wala uwezo wa kujirekodi sikuzipa namba. Kwa mahojiano ya barazani zinafaa. Kwa harusi ya watu mia tatu, hapana.

Ukiwa dukani, iwe Mwanjelwa au kwa muuzaji wa Kariakoo anayetuma mzigo kwa basi, dai kifaa kijaribiwe: kichomekwe hedifoni, kirekodi, tundu litikiswe huku unasikiliza. Likikwaruza, kiache. Chenji itakayobaki inunue hedifoni za kufunika masikio, waya wa akiba wa RCA na betri za ziada, hasa kwa kazi za Juni na Julai, maana baridi ya Njombe na Mbeya inamaliza betri haraka.