Chama cha wapangaji, Berlin: nyota nne, ya tano imeliwa na simu

Mwenye nyumba wangu hapa Wedding, mtaa wa Berlin, alianza kwa WhatsApp: nihame, binamu yake anakuja kuishi Berlin na anaitaka nyumba. Mama mmoja wa Tanga tunayesali naye akaniambia, “Mwanangu, nyumba ya mtu ni ya mtu, anza kufunga mizigo.” Nikapitia kwanza chama cha wapangaji.

Kwa simu hamtawapata. Muziki, muziki, halafu laini inakatika. Nendeni wenyewe saa za ushauri. Ada ni Euro 100 na ushee kwa mwaka, unajiandikisha palepale na wakili anakusikiliza siku hiyohiyo. Ila bima yao ya kesi ina miezi 3 ya kusubiri, na mgogoro ulioanza kabla hujajiunga haiubebi. Mapokezi hawakunitajia, nilijisomea mwenyewe kwenye fomu.

Wakili ni mama wa makamo, hana stori nyingi. WhatsApp hata hakuisoma yote: notisi ya kuhama ni karatasi yenye sahihi ya mkono. Barua yenyewe ilipokuja, akaniuliza bahasha iko wapi. Ndani imeandikwa tarehe 2, muhuri wa posta wa tarehe 8. Notisi isipokufikia ndani ya siku 3 za kwanza za kazi za mwezi, mwezi huo hauhesabiwi. Halafu mpangaji aliyekaa zaidi ya miaka 8, kama mimi, anapewa miezi 9. Bwana yule alikuwa ameniandikia 3!

Tukafika kwa binamu. Kumtoa mpangaji ili aingie mzazi, mtoto, kaka au dada, hata mpwa, sheria inaruhusu. Lakini Julai 2024 Mahakama Kuu ya Shirikisho ilisema familia hapa ni wale wenye haki ya kukataa kutoa ushahidi dhidi yako kwa sababu ya undugu, na binamu hayumo. Jaribu kumweleza bibi yangu kwamba mtoto wa mjomba si ndugu, utafukuzwa wewe. Siku hiyo lakini nilikuwa upande wa majaji.

Chama kikaandika barua, nzuri, ukurasa mmoja. Majibu yamekuja: eti si binamu tena, ni mpwa. Wakili akasema sawa, basi aandike notisi mpya, na miezi 9 ianze upya.

Mkienda, bebeni mkataba, na bahasha msitupe.