Pikapu ipi ununue: D-Max, Hilux, Ranger, L200 au Navara?

Tangazo la pikapu halikosi matope, mto na mlima. Gari linapasua maji, vumbi linatimka, halafu sauti nzito inataja kilo 3,500. Sasa angalia mnunuzi wa huku kwetu anataka nini: abebe saruji kutoka mjini, mahindi kutoka shambani, mafundi kwenda saiti, na Jumamosi familia iende msibani, yote kwa gari hilohilo moja. Tangazo linajibu maswali ambayo mnunuzi huyu hakuuliza, na hayo aliyonayo yanabaki bila jibu. Nimepanga hapa pikapu tano zinazoonekana sana Tanzania na Kenya kwa kufuata kazi hiyo, lakini kwanza tuyafungue madai yenyewe, maana ndiyo yanayowatoa watu pesa.

Kilo 3,500 ni za kuvuta, si za kubeba

Matoleo makubwa ya Ranger, D-Max na Hilux yote yananadiwa kwa uwezo wa kilo 3,500. Huo ni uzito wa tela lenye breki zake lenyewe. Kwa Mwaustralia anayevuta boti kwenda ziwani, namba hiyo ina maana. Kwa anayepakia mzigo kwenye bodi haimsaidii kitu.

Namba unayoihitaji ni nyingine na hupatikana kwa hesabu ya kutoa. Kuna kibati kidogo kwenye nguzo ya mlango, au chini ya boneti, kinachoonyesha uzito wa juu kabisa ambao gari linaruhusiwa kufika likiwa na watu, mafuta na mzigo. Toa hapo uzito wa gari tupu. Tuseme kibati kinasema kilo 3,000 na dabo kebini (yenye milango minne na viti vya nyuma) ikiwa tupu ina kilo 2,050. Zinabaki 950. Wakikaa watu wazima watano wa kilo 75 kila mmoja, wamekula 375. Umebakiwa na 575, yaani mifuko 11 ya saruji ya kilo 50. Kumi na moja! Na kila siku tunaona dabo kebini zimebeba thelathini, pua imeangalia juu na taa zinamulika minazi.

Kwa hiyo kama kazi yako ni mzigo, anza na singo kebini. Ni nyepesi, bodi lake ni refu, na kilo zilizookolewa kwenye viti vya nyuma zinarudi kwenye mzigo. Wengi wanaikataa kwa sababu ya heshima ya mjini, halafu wanalipa heshima hiyo kwa springi na shokapu kila mwaka.

Maji

Ranger na D-Max mpya zinanadiwa kupita maji ya milimita 800, Hilux 700. Vipimo hivyo ni vya maji yaliyotulia, sakafu ngumu, mwendo wa kutambaa. Mto wa masika una mkondo na mashimo usiyoyaona. Injini ikinyonya maji badala ya hewa, maji hayashindiliki kama hewa, na konrodi, kile chuma kinachosukumwa na pistoni, inapinda palepale.

Kuna hasara nyingine ya polepole ambayo haionyeshwi kamwe. Difu ina kipumulio. Ikizama ikiwa ya moto, inapoa ghafla na kunyonya maji ndani. Ukienda kukagua pikapu iliyotumika, mwombe fundi alegeze boluti ya difu atoe oili kidogo. Oili nzima ni ya rangi nzito na nyangavu. Ikitoka imepauka rangi ya chai ya maziwa, gari hilo limeogelea na bearingi zake zimeshaanza kuliwa.

Nyota za usalama

Hapa ndipo ninapoomba usome kwa makini, kwa kuwa huku kwetu tunapima usalama kwa unene wa bati. Mwaka 2016 Euro NCAP, shirika la Ulaya linalogongesha magari mapya kupima usalama, iliipa Hilux nyota tatu katika toleo la kawaida na nyota tano ikiwa na kifurushi cha ziada cha usalama. Gari moja, matokeo mawili. Muuzaji atakutajia tano. Muulize: toleo hili mnaloniuzia lina vifaa vile?

Mbaya zaidi ni ya mwaka 2018. Global NCAP, shirika jingine la upimaji kama huo, ilipima Nissan NP300 Hardbody iliyokuwa ikiuzwa Afrika, ikapata nyota sifuri kwa usalama wa watu wazima. Gari lilikuwa na mifuko miwili ya hewa, lakini kebini yenyewe haikuhimili kishindo. Pikapu iliyopewa jina la mwili mgumu! Mwaka 2021 Great Wall Steed 5 nayo ikaambulia sifuri. Mifuko ya hewa haimwokoi dereva kama kebini inajikunja juu yake.

Matangazo ya kumkosoa mpinzani nayo yaangalie kwa jicho hilohilo. Mwaka 2016 huko Marekani Chevrolet walimwaga matofali ya zege kwenye bodi la chuma la Silverado na bodi la alumini la Ford F-150, la Ford likatoboka. Jaribio lilikuwa la kweli, ila aliyelichagua ndiye aliyekuwa anauza Silverado.

Pikapu hizi hutoka wapi

Toyota waliacha kuuza Hilux Japani mwaka 2004 na wakarudi 2017. Ndiyo maana pikapu zilizotumika bandarini Dar na Mombasa nyingi si za Japani kama zilivyo IST na Vitz. Zinatoka Thailand, Uingereza, Afrika Kusini na Australia, ambako usukani uko kulia kama kwetu. Za usukani wa kushoto kutoka Ghuba zinawafaa zaidi Wakongo, Wanyarwanda na Warundi.

Ya Uingereza ina mitihani miwili. Wa kwanza ni kutu, kwa sababu barabara zao humwagiwa chumvi wakati wa baridi na chumvi hiyo huila chesisi kutoka ndani. Wa pili ni DPF, kichujio cha masizi kwenye egzosi. Kichujio hicho kinajisafisha kwa joto la safari ndefu ya mwendo wa kasi. Gari la foleni za mjini halifikii joto hilo, kinaziba. Hata Toyota hawakusalimika: mwaka 2022 mahakama ya shirikisho ya Australia iliamua kwamba mfumo wa DPF kwenye Hilux, Prado na Fortuner za dizeli zilizouzwa kuanzia Oktoba 2015 hadi Aprili 2020 ulikuwa na kasoro. Ukiletewa Hilux ya Australia ya miaka hiyo, uliza DPF kabla ya kuuliza redio.

Kenya kumbuka sheria ya miaka minane: gari lililotumika lenye umri zaidi ya huo haliruhusiwi kuingizwa. Tanzania, pita kwanza kwenye kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, ujue ushuru, ndipo uongee na wakala.

Mpangilio wangu

*1. Isuzu D-Max.* Naiweka juu ya Hilux, na najua wengi watapinga. Kwa mzigo na barabara mbovu, injini za 2.5 (4JK1) na 3.0 (4JJ1) zinatumia cheni ya taimingi, si mkanda wa kubadilishwa kila baada ya muda, na mafundi wa malori ya Isuzu wamejaa kila mji, hivyo hupati shida ya mtu anayeielewa. Kenya inaunganishwa Nairobi kwa Isuzu East Africa, kampuni iliyokuwa General Motors East Africa hadi Isuzu walipozinunua hisa za General Motors, zilizokuwa nyingi zaidi, mwaka 2017. Spea zinapatikana. Ndani si ya kifahari, na za zamani zina kelele. Ya 1.9 wengi wanaidharau kwa udogo wa injini, bila kuangalia kwamba Nm zake 350, yaani nguvu za kuzungusha magurudumu, zinapatikana kuanzia mizunguko 1,800 tu kwa dakika. Hilo ndilo la kuuliza unaposomewa nguvu za injini: zinatoka kwenye mizunguko mingapi? Mlima wa Sekenke kule Singida ukiwa na mzigo unapandwa na nguvu za chini, zile farasi za juu zinazotajwa kwenye tangazo hutazifikia.

*2. Toyota Hilux.* Kwa spea hakuna mpinzani. Kijijini kabisa ambako hata soda ya baridi ni shida, utapata fundi wa Hilux. Kilichoishusha kwangu ni bei: unalipia jina, na Vigo, yaani Hilux ya kabla ya 2015, iliyochoka inauzwa kama nzima. Vigo zenye injini za dizeli za 1KD (3.0) na 2KD (2.5) zina mkanda wa taimingi. Uliza ulibadilishwa lini na uone risiti, maana kilomita za dashibodi zinarudishwa nyuma kirahisi. 1KD ina jambo jingine: pete ndogo za shaba zilizo chini ya nozeli zikianza kuvujisha, masizi huingia kwenye oili na kuziba chujio la oili lililo chini ya injini, injini inakosa oili huku geji ya joto iko sawa. Nenda asubuhi, gari halijawashwa, liwashe likiwa la baridi. Ukisikia linagonga kama mashine ya kusaga, tafuta nyingine. Kuanzia Revo, Hilux iliyofuata mwaka 2015, injini za 2.4 na 2.8 ni za cheni. Ya 2.4 ya gia za mkono ndiyo ningemshauri ndugu yangu. Ya 2.8 yenye farasi 204 ni tamu, lakini unalipia ulichokiona kwenye tangazo.

*3. Ford Ranger.* Kwa kuendesha, hii inaongoza. Inatulia barabarani, viti vizuri, na safari ya Dar hadi Mbeya haikuchoshi. Wanaotoka kwenye gari dogo wataipenda siku ya kwanza. Ila inahitaji fundi mwenye mashine ya kompyuta na mwenye nidhamu. Injini za 2.2 na 3.2, ambazo Mazda BT-50 ya miaka hiyo inazo pia, hazitaki kuachwa bila oili. Fundi akimwaga oili akaenda kula, pampu inaweza kushindwa kuvuta tena, ukiwasha injini inazunguka kavu. Simama naye mpaka oili mpya iingie. Kama mjini kwako hakuna gereji ya namna hiyo, ruka namba tatu.

*4. Mitsubishi L200.* Bei nafuu, inakata kona vizuri, na yenye Super Select unaweza kuweka 4x4 hata kwenye lami ya mvua, jambo ambalo nyingi katika hizi haziruhusu. Ila ya kizazi cha 2005 hadi 2015 sehemu kubwa ya bodi lake iko nyuma ya ekseli ya nyuma. Mzigo mzito ukiwekwa mwishoni unaelemea chesisi na kunyanyua magurudumu ya mbele. Inamfaa mkandarasi mwenye vifaa vyepesi, si mwuza matofali.

*5. Nissan Navara.* Ya D40, yaani ile ya 2005 hadi 2015, ndiyo inayonadiwa kwa bei ya kuvutia, na ndiyo inayonitia hofu. Cheni ya taimingi ya injini ya YD25 imewasumbua wengi, na Uingereza kesi za chesisi kukatika kwa kutu zilikuwa nyingi kiasi kwamba Nissan waliyanunua tena baadhi ya magari kutoka kwa wenyewe. Hardbody naiacha nje ya orodha kwa sababu ya ile sifuri, hata kama injini yake haifi.

Ukishikilia Navara ya Uingereza, lipandishe gari juu, chukua nyundo ndogo, gonga chesisi kuanzia nyuma ya kebini hadi kwenye ekseli ya nyuma, sehemu ya juu na pembeni. Chuma kizima kinalia. Kikitoa sauti ya bubu, au magamba yakadondoka chini ya rangi mpya nyeusi iliyopakwa juzi, mrudishie mwenyewe funguo zake, hata akikupunguzia milioni tano.