Tathmini ya WinISD, programu ya kusanifu boksi la sabufa kabla ya kukata ubao

Anayetaka kujitengenezea sabufa ya nyumbani yenye tundu la hewa anahitaji kujua mambo mawili kabla ya kumkabidhi seremala vipimo: ujazo wa boksi kwa lita, na urefu wa bomba litakaloliwezesha boksi hilo kuvuma katika masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde, yaani hezi) aliyoyakusudia. WinISD ni programu ya bure ya kompyuta za Windows inayokokotoa yote mawili papo hapo, na ninaipendekeza kwa dhati, kwa sharti kwamba vipimo halisi vya spika vipatikane.

Sharti hilo si dogo. Programu inategemea kanuni alizozitoa Neville Thiele huko Australia mwaka 1961, ambazo Richard Small aliziendeleza mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kanuni hizo hudai namba za spika kama Fs (masafa ambayo spika yenyewe huvuma), Qts (kiasi mvumo huo unavyodhibitiwa), Vas (ujazo wa hewa wenye unyumbufu sawa na wa spika) na Xmax (umbali ambao koni, yaani sehemu ya spika inayotetema, inaweza kusogea bila kuharibu sauti). Spika nyingi za madukani kwetu huuzwa bila karatasi ya vipimo. Kwa spika ya namna hiyo nashauri boksi lililofungwa kabisa, kwa kuwa huvumilia makadirio kuliko boksi lenye tundu.

Wengi wakiifungua hutazama tu mchoro wa mwitikio wa besi, ilhali thamani yake kubwa, kwa maoni yangu, imo katika michoro miwili mingine. Wa kwanza huonyesha koni inasogea kiasi gani. Chini ya masafa ya boksi, hewa ya ndani huacha kuizuia koni, nayo huweza kupita kikomo chake hata kwa wati chache. Ukiona hivyo, unajua mapema kwamba amplifaya yako itahitaji kichujio cha kukata masafa ya chini kabisa. Mchoro wa pili huonyesha kasi ya hewa ndani ya bomba, ambayo watengenezaji wengi hujitahidi isizidi mita 17 kwa sekunde ili upepo usisikike.

Hapo ndipo uamuzi mgumu unapojitokeza. Chukua spika ya inchi 10 katika boksi la lita 60 lililolengwa hezi 30: bomba la PVC lenye upana wa ndani wa sentimita 10 litahitaji urefu wa takriban sentimita 36. Ukilipanua hadi sentimita 15, kasi ya hewa itashuka chini ya nusu, lakini urefu utafika karibu sentimita 87, na boksi hilo halitaupokea bila kona. Kuyaona haya kwenye kioo kabla ya kununua ubao wa MDF wa milimita 18 ni faida kubwa mno.

Programu ina upungufu unaopaswa kujulikana. Lita 60 inazozitaja ni za hewa tupu, kwa hiyo nafasi inayochukuliwa na spika, bomba na mbao za kukazia ni lazima uiongeze mwenyewe, na kwa mfano huu jumla hufika kama lita 68. Vipimo vya ndani vya sentimita 48 kwa 38 kwa 37.5 vinatosha, bomba likilazwa kufuata ule urefu wa 48, kwani mdomo wake wa ndani ukikaribia mno ukuta wa nyuma masafa hubadilika. Vilevile haijui chumba chako, na kona ya sebule huweza kuikuza besi kuliko mchoro unavyoahidi.

Boksi likikamilika, hakiki hesabu kwa kupiga toni moja moja kwa sauti ndogo: pale koni inapokaribia kutulia huku hewa ikitoka kwa nguvu tunduni, ndipo masafa halisi ya boksi yalipo. Kwa kuwa bomba likifupishwa masafa hupanda, likate refu kidogo kuliko programu inavyosema, na usilitie gundi mpaka umelipunguza na kuifikia hezi 30.