Nimefunga muziki kwenye karakana ya nyumbani kwa shilingi 223,000: spika 2, amplifaya ndogo na waya

Habari za mchana ndugu zangu, mafundi wenzangu, na wewe uliyeingia leo kwa mara ya kwanza. Karibuni Tabata, Dar es Salaam, kwenye banda la gari ambalo siku hizi zinalala mbao na mashine. Kabati mliloliona video iliyopita limeshachukuliwa na mwenyewe, benchi liko wazi, kwa hiyo leo tunaongea muziki.

Mimi nafanya kazi peke yangu kuanzia saa 2 asubuhi mpaka magharibi. Redio ndiyo mwenzangu humu. Taarifa ya habari, taarab, dansi la zamani, na siku Simba na Yanga wanakutana patasi naishika, lakini sikio liko uwanjani. Kwa hiyo hili ni jambo ninalolijali kweli, na nimelihangaikia muda mrefu mpaka nikapata kitu ninachoweza kukusimamisha hapa nikuonyeshe.

Kabla hujapanda daladala kwenda Kariakoo, naomba ushike neno moja. Pesa yako iweke kwenye spika, na akili yako iweke kwenye mahali utakapozifunga. Wati zilizoandikwa kwenye boksi achana nazo.

Nalisema hilo kwa sababu nilianza na sabufa. Ile ya kawaida, boksi moja kubwa la besi na vispika viwili vidogo, taa zinawaka rangi zote, na nyuma imeandikwa maelfu ya wati, PMPO, yaani eti nguvu ya kilele. Jina silitaji. Niliiweka chini ya benchi. Mwezi wa saba ikaanza kuvuma, muziki ukizimwa inavuma, ukiwashwa inavuma, halafu siku moja nikasikia harufu ya kuungua. Nilipoifungua nikakuta unga wa mbao umejaa mpaka juu ya transfoma, umeganda kama uji uliolala. Amplifaya iko ndani ya boksi la besi, boksi lina tundu la kupumulia, na tundu liko sentimita 20 kutoka sakafuni ambako vumbi lote linashukia. Kwa sebuleni sina neno nayo. Kwa karakana, usiinunue.

Na hiyo PMPO, hakuna kipimo kinachokubalika kitaalamu nyuma yake. Kila mtengenezaji anaandika namba anayoipenda. Tafuta neno RMS, yaani wati za kutoka mfululizo, na hata hilo ulipigie hesabu, nitakuonyesha sasa hivi.

Sogeza kamera hapa, mjomba. Hii ndiyo amplifaya. Fosi Audio BT20A, ni ndogo, inakaa kwenye kiganja. Mbele ina vitufe vitatu vya kuzungusha: besi, treble (zile sauti nyembamba) na sauti. Nyuma kuna sehemu za kufunga waya za spika, matundu ya RCA ya kuingizia muziki kwa waya, antena ya Bluetooth, na tundu la adapta. Hii niliipata kwa 110,000 pamoja na adapta yake ya volti 24. Ndani ina chipu ya Texas Instruments inayoitwa TPA3116D2, na chipu hii utaikuta kwenye amplifaya nyingi ndogo za bei nafuu, hata zile za ubao mtupu zisizo na kava ambazo mafundi redio wanazinunua na kuzivalisha boksi wenyewe. Ukipata ya ubao mtupu na una mkono wa kazi, chukua, utaokoa pesa nyingi.

Kwenye boksi wameandika wati 100 mara 2. Hesabu ni hii. Chukua volti za adapta, zizidishe kwa zenyewe, gawanya kwa omu za spika, kile kipimo cha ukinzani wake kwa umeme, zikizidishwa mara mbili. Volti 24 mara 24 ni 576. Spika yangu ni ya omu 8, mara mbili ni 16. 576 gawanya kwa 16 unapata 36. Basi amplifaya hii kwa spika hizi haiwezi kuvuka wati 36 safi kila upande, hata boksi liseme nini. Sijakuambia hivyo ili uichukie. Wati 36 ni nyingi sana humu ndani, na nikuonyeshe kwa nini.

Spika ya nyumbani ya kawaida ukiilisha wati 1, ukasimama mita 1 mbele yake, unapata kama desibeli 86, desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti. Ukitaka kuongeza desibeli 3 tu, lazima wati ziwe mara mbili. Kutoka wati 1 kwenda 2, kutoka 2 kwenda 4. Kwa hiyo aliyekuuzia wati 70 badala ya 35 amekuuzia desibeli 3, tofauti ambayo sikio linaiona ndogo. Lakini ukisogeza spika kutoka mita 4 hadi mita 2, umepata zaidi ya hapo bila kulipa hata senti. Ndiyo maana nasema mahali pa kufunga ni mali.

Haya, spika zenyewe. Hizi ni za mtumba, zilitoka kwenye ile mini-komponenti ya Kijapani ya miaka ya tisini, zile redio za CD na kaseti zilizokuwa zinakaa kwenye makabati ya wazazi wetu. Redio zake zimekufa, spika zimebaki, na ukizunguka Kariakoo kwa wauza vifaa vya mtumba huzikosi. Nilianziwa 140,000, nikatoka nazo kwa 90,000 jozi.

Hapa ndipo nataka ukae na mimi kidogo, maana hapa ndipo watu wanapigwa.

Kwanza, geuza spika usome karatasi ya nyuma. Tafuta omu. Omu 8, 6 na 4, amplifaya hii inazibeba. Ukikuta 3 au 2, rudisha kwa heshima.

Pili, toa kava la mbele. Angalia ukingo unaoshika koni, ile sehemu inayotikisika, na fremu, huu hapa. Ukingo ukiwa wa mpira, vizuri sana. Ukiwa wa sponji, bonyeza taratibu kwa ncha ya kidole. Sponji ya zamani kwa joto na unyevu wa Dar inaoza, inakatika kama keki, inaacha unga mweusi kidoleni. Spika ya hivyo inaweza kurudishiwa ukingo mpya, lakini ongeza gharama hiyo kwenye bei kabla hujasema ndiyo.

Tatu, weka vidole vinne kuzunguka katikati ya koni, isukume ndani sawasawa kidogo sana, iache irudi. Sogeza maiki hapa. Mnasikia? Kimya. Ukisikia mkwaruzo kama msasa, koili, yaani waya uliozungushwa nyuma ya koni, inagusa sumaku, hiyo spika imeshakwisha. Na mwisho mwambie akuwashie, upande mmoja mmoja, usisikilize besi, sikiliza sauti ya mtu akiongea. Habari za redio zinatosha. Spika mbaya inaweza kuficha ubaya wake kwenye ngoma, kwenye sauti ya mtu haifichi.

Kuna mwenzangu wa magari, yeye amefunga spika za gari zile za inchi 6 kwa 9 kwenye maboksi ya mbao aliyoyatengeneza mwenyewe. Zinafaa, nyingi ni za omu 4, na ukingo wake unavumilia joto. Sharti ni boksi. Spika ya gari ikining'inia wazi bila boksi, sauti ya nyuma inakutana na ya mbele zinauana, besi unaitafuta huioni.

Sasa tazameni juu. Shelfu hizi mbili ni vipande vya plaiwudi vilivyobaki kazini, ziko mita 1.9 kutoka sakafuni, zimeinama mbele kidogo, na spika zote mbili zinaangalia hapa, kwenye benchi la kuungia, ndipo ninaposimama muda mwingi. Kutoka kila spika hadi sikio langu ni mita 2 hivi. Katikati ya spika na shelfu nimeweka vipande vya tyubu ya baiskeli, ili mtikisiko usipande kwenye ukuta na bati. Nilizifunga kwanza kwenye kona kabisa za banda, besi ikawa nzito, inabwabwaja, maneno hayasikiki. Nikazisogeza nusu mita kutoka kwenye kona, pakanyooka. Ukuta wa tofali na bati juu vinarudisha mwangwi sana, mbao zangu nilizosimamisha ukuta wa nyuma zinasaidia, na yale magunia mawili pale nimeyaning'iniza kwa kazi hiyohiyo.

Waya, sitakaa sana. Waya pacha wa shaba wa milimita za mraba 1.5 kutoka duka la vifaa vya umeme, mita 12, shilingi 18,000. Kwa umbali huu hauhitaji waya wa bei mbaya. Skrubu na vitu vidogo 5,000. Jumla 223,000.

Ila usikosee chanya na hasi. Upande mmoja ukigeuzwa, koni moja inasukuma wakati nyingine inavuta, besi inapotea na mwimbaji anakuwa hana mahali, hayuko kulia, hayuko kushoto. Spika za mtumba mara nyingi rangi za waya zimeshabadilishwa, kwa hiyo usiamini rangi. Chukua betri ya saa ya ukutani, volti 1.5. Gusa waya mmoja upande wa chanya, mwingine upande wa hasi, mguso wa kufumba na kufumbua. Angalieni koni. Imeruka nje. Basi waya uliogusa chanya ndiyo chanya yake. Ingezama ndani, ningegeuza. Fanya kwa spika zote mbili, weka alama ya rangi ya kucha, umemaliza.

Sasa vumbi, na hapa nawasihi mnisikilize hasa mnaotumia grainda. Unga wa mbao unaziba. Chenga za chuma ni mbaya zaidi, kwa sababu nyuma ya kila koni kuna sumaku, na sumaku inaziita. Angalieni hiki kipande cha sumaku, nilikiacha usiku mmoja pale penye grainda. Kimeota ndevu. Chenga hizo zikiingia kwenye ule mwanya mwembamba wa koili, ndiyo ule mkwaruzo niliowaambia. Kwa hiyo spika mbali na grainda, na usoni zivalishe kitambaa. Mimi nimetumia kanga kuukuu, imevutwa kwenye fremu ya mbao, inatoka nakung'uta nje kila Jumamosi. Kipimo cha kitambaa ni pumzi: kiweke mdomoni upulize, pumzi ikipita bila kazi, sauti itapita. Kitambaa cha kochi hakipiti. Amplifaya nayo iko juu kwenye kiboksi kilicho wazi chini na ubavuni, haina feni, haipati joto sana, lakini usiifungie ndani kabisa.

Na isile umeme kwenye ekstensheni moja na mashine ya randa. Randa ikiwaka volti zinashuka, spika zinapiga kishindo. Hii nimeipa soketi yake.

Upungufu nao niuseme. Haina redio ndani, kwa hiyo FM napata kwa redio ndogo ya mkononi, nimeitoa waya kutoka tundu la spika za masikioni kwenda RCA. Mwanzo ilikuwa na mikwaruzo, nikaihamisha mita 1 kutoka kwenye adapta, ikatulia. Bluetooth nikitoka hadi getini na simu mfukoni inakatika. Na besi ya chini kabisa, ile ya kutikisa kifua, haipo. Kwa gitaa la besi la dansi na tarumbeta, ipo ya kutosha, na sauti ya mwimbaji inasimama katikati kama yuko nyuma ya benchi. Rekodi nyingi za zamani ni za mono, sauti ileile kulia na kushoto, hata hivyo kwa spika mbili zinajaa vizuri zaidi kuliko kwa moja.

Kitu kimoja tafadhali sana. Mashine ikiwaka, usiongeze muziki kuishinda. Msumeno wa umeme unaweza kufika desibeli 100, na kwa mwongozo wa NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, sikio lisilokingwa linapewa dakika 15 tu kwa kelele hiyo, wakati kwa desibeli 85 linapewa saa 8. Mimi nikishika mashine naweka kinga masikioni, muziki naupunguza hadi chini kabisa. Nahitaji kuusikia msumeno wenyewe, unapoanza kulemewa na ubao unabadilisha mlio, na mlio huo ndio unaoniambia nipunguze mkono.

Namalizia na kilichonifurahisha kuliko vyote. Mjomba, zima swichi kubwa. Umeme umekatika, tuseme. Hii ni betri ya volti 12, ampea-saa 7, ile ninayotumia kwenye taa ya sola. Nachomoa adapta, nachomeka betri, chanya katikati ya pini, hasi nje, hakikisha kwa mita kabla. Volti 12 mara 12 ni 144, gawanya kwa 16, wati 9 kila upande. Haya, sikilizeni.

Hiyo ni wati 9, na kitufe sijakifikisha hata nusu.