Breki za mafuta za baiskeli ya milimani na kopo la DOT 4: uzoefu wangu

Nianze na jema lao, maana lipo na si dogo. Karakana hii ya baiskeli jijini Dar es Salaam, ambayo jina lake naliacha, inajua kunyoosha rimu. Gurudumu la nyuma lilipelekwa likiyumba kushoto kulia, likarudi limetulia, spoku ukizigonga zinatoa mlio unaolingana, na bei haikuumiza. Ukiwa na rimu iliyopinda wapelekee. Breki za mafuta msiwape kabisa, kwa sababu walichokifanya kwenye breki zangu kinaweza kumuua mtu mteremkoni.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: kutoa upepo kwenye breki za kampuni ya Shimano, mbele na nyuma. Leva zilikuwa zinabonyea hadi kukaribia usukani, dalili ya kawaida ya upepo ndani ya mfumo. Zikarudi ngumu, zinakamata vizuri. Ubaya wa kosa hili ndio huo: siku za mwanzo huhisi chochote, kwa kuwa kimiminika chochote kisichobanika kitaisukuma pistoni. Wiki kadhaa baadaye leva ya mbele ikaanza kurudi kivivu. Kisha pedi zikawa haziachii diski. Ukiinua gurudumu na kulizungusha kwa mkono linasimama karibu hapo hapo. Halafu kwenye mteremko wa Lushoto kwenda Mombo, ile barabara ya kona mfululizo inayopita Soni, breki ya mbele ikajibana yenyewe leva ikiwa haijaguswa. Nani atakayewalipa watu meno na mabega yao hapo?

Walikuwa wamejaza DOT 4, yale mafuta ya breki ya magari yanayopatikana kila duka la spea. Breki za Shimano zinatumia mafuta ya minerali, na sili zake ni za mpira unaovumilia mafuta hayo. DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 ni za jamii ya glaikoli. Zikiingia kwenye mfumo wa minerali, sili zinazifyonza, zinavimba na kulainika, na kuanzia hapo mambo mawili yanaharibika. La kwanza liko kwenye kalipa, yaani kile kifaa cha gurudumuni kinachobana diski. Sili iliyoizunguka pistoni hujikunja kidogo unapokamata breki, kisha ukiachia hujinyoosha na kuivuta pistoni nyuma. Hakuna springi nyingine ya maana inayofanya kazi hiyo. Sili ikivimba inaing'ang'ania pistoni, na pedi zinabaki zimeegemea diski.

La pili ndilo la hatari. Ndani ya leva kuna kitundu kidogo kinachounganisha silinda na tangi la mafuta. Mafuta yakipata joto yanatanuka, na ziada inapanda kwenye tangi kupitia kitundu hicho. Sili ya leva ikivimba hairudi hadi mwisho, inakifunika. Sasa mafuta yanatanuka na hayana pa kwenda, yanasukuma pistoni, pedi zinabana, msuguano unaongeza joto, na joto linazidi kuyatanua. Ndiyo maana breki ilikuwa nzima kabisa kwenye tambarare ya mjini, ikafunga kwenye mteremko mrefu.

Kinyume chake pia ni balaa. Breki nyingi za SRAM, pamoja na za Hope na Hayes, zinatumia DOT. Ukizijaza mafuta ya minerali sili zake nazo zinavimba. Na usitegemee jina la kampuni peke yake, kwa sababu SRAM hao hao wana modeli kama Maven na DB8 zinazotumia minerali. Magura na Tektro ni minerali. Soma kifuniko cha tangi kwenye leva, imeandikwa. DOT 5, ile ya silikoni, usiiweke kwenye yoyote kati ya hizi.

Ukitaka kujua umewekewa nini, huhitaji maabara. Chukua glasi ya maji, nyonya mafuta kidogo kutoka kwenye tangi kwa bomba la sindano, dondoshea humo. Mafuta ya minerali yataelea juu kama mafuta ya kula. DOT itachanganyika na maji na kupotea. Rangi nayo inasaidia, kwa kuwa ya Shimano yakiwa mapya yana wekundu mwepesi na DOT huwa haina rangi au ni ya manjano, lakini yakishachakaa rangi inadanganya. Maji hayadanganyi. Na DOT ikimwagikia fremu ioshe kwa maji mengi hapo hapo, inakula rangi.

Yangu yalichanganyika yote. Nilipowapelekea majibu hayo, fundi mkuu hakuitazama hata kalipa. "Bosi, mafuta ya breki ni mafuta ya breki. Haya yanasimamisha Land Cruiser, yatashindwa baiskeli?" Vijana wake wakacheka. Nikamwonyesha maandishi kwenye kifuniko cha leva, akasema hiyo ni janja ya kiwanda ya kuuzia mafuta yao. Fundi asiyejua hanikasirishi. Breki hizi bado ni ngeni kwenye karakana nyingi na mtu hujifunza kazini. Kinachonikera ni fundi anayeonyeshwa maandishi, anaonyeshwa pistoni iliyoganda, kisha anacheka mbele ya vijana wanaojifunza kwake. Kesho vijana hao watafungua karakana zao, kila mmoja na kopo lake la DOT 4.

Kazi yenyewe ikifanywa sawasawa haichukui hata saa moja. Toa gurudumu, toa pedi, weka kipande cha plastiki katikati ya pistoni ili zisitoke nje. Laza leva iwe sambamba na ardhi, fungua skrubu ya juu kwa alenki ya milimita 2.5 na uilinde ile oringi yake ndogo (pete ya mpira), kisha kaza mrija wa faneli mahali pake. Kwenye kalipa valisha spana namba 7 juu ya nati ya kutolea upepo (baadhi ya modeli mpya zinatumia alenki), chomeka mpira wa bomba la sindano lililojaa mafuta ya minerali, fungua kidogo, sukuma taratibu kutoka chini kwenda juu. Upepo hupenda kupanda. Anayesukuma kutoka juu anashindana nao. Gongagonga mpira wa breki unaopitisha mafuta na kalipa, inamisha leva nyuzi 30 mbele na nyuma, mapovu yatatokea kwenye faneli. Mwisho kamata leva, fungua nati kwa kitambo kifupi tu na uifunge kabla hujaachia leva, rudia mara mbili tatu. Nati ya kalipa ikazwe Nm (nyutoni-mita) 4 hadi 6, basi. Wakiikaza kwa hasira inakatika shingo.

Diski isuguliwe kwa spiriti ya isopropili na kitambaa safi. Pedi zilizoguswa na mafuta zitupwe. Kuzichoma kwenye jiko la gesi hakuzirudishi. Hata kama hazijaguswa, zikibaki na milimita 0.5 za kukamatia zimekwisha, na diski ya Shimano ikishuka chini ya milimita 1.5 nayo imekwisha.

Wapo watakaokushauri kusuuza mfumo kwa spiriti na kujaza upya. Mfumo uliokaa na DOT kwa wiki kadhaa usiuamini. Sili iliyovimba hairudi ilivyokuwa, na Shimano hawauzi sili za ndani ya kalipa peke yake. Dawa ni leva mpya, kalipa mpya na mpira mpya, pande zote mbili. Seti huja zimejazwa mafuta kiwandani, na ukilazimika kukata mpira ili uingie kwenye fremu, ule mpete wa shaba na kipini cha ndani vya kwenye kiungio cha mpira viwekwe vipya. Vya zamani vitavuja.

Walijitolea kunirudishia pesa ya ufundi. Pesa ya ufundi, wakati nimebaki na breki mbili za kutupa! Nimekataa, nataka seti mbili au thamani yake, na hadi leo jibu ni "tutaangalia, bosi". Hapo juu nimesema mkiwa na rimu wapelekeeni. Naona nifute. Mtu aliyesimama mbele ya pistoni iliyoganda akacheka, sioni kwa nini nimwamini na spoku zitakazonibeba kushuka Soni. Rimu pia pelekeni kwingine, na huko kwingine, kabla hamjaacha baiskeli, mwombeni fundi awaonyeshe chupa ya mafuta atakayotumia.