ImageMagick kwenye Ubuntu: apt au ujikompailie mwenyewe?
Wadau wa Arusha mnaopunguza mapicha ya safari kila siku, mi nasema hiyo ImageMagick, programu ya kupunguza na kuhariri picha, iwekeni kwa apt, kisakinishi cha programu cha Ubuntu. Unaandika sudo apt install imagemagick, basi, umemaliza. Ukikompaili, yaani kujijengea programu mwenyewe toka sosi kodi, unapata toleo jipya zaidi ila ni ./configure, make, sudo make install, halafu sudo ldconfig, laptop ya zamani inachemka kweli.

Kwenye kuitoa programu ndo kazi ipo: apt remove inaacha mafaili ya setingi, apt purge inafagia hadi yale ya /etc, folda la setingi za mfumo, lakini ya kukompaili kwa kawaida inakaa /usr/local na apt haiitambui kabisa, njia rahisi ni uwe bado na folda ulilojengea ndo upige sudo make uninstall, mi nililifuta nikashinda siku nzima Kaloleni natoa faili moja moja, iliniuma sana jamani.